Farasi saba na mtaro mmoja: lile teke lilianzia wapi?

Tulikuwa kikundi cha wapanda farasi saba msituni, na farasi mmoja jike akampiga msichana wa kikundi teke mguuni. Teke lenyewe halikufika hata sekunde moja lakini tumelibishania wiki tatu na kila mtu ana mkosaji wake. Kuna wanaosema yule farasi jike wa kijivu ana roho mbaya auzwe, kuna wanaosema msichana ndiye hakukaa mbali, na kuna wale wa kusema farasi ni farasi, haya mambo hutokea. Mimi nilikuwa wa mwisho kwenye mstari siku hiyo, niliona karibu kila kitu kutoka nyuma, na nimeirudia hiyo picha kichwani mara nyingi sana mpaka nikafika mahali naweza kusema bila kusitasita: teke lilipigwa na farasi namba nne lakini lilitengenezwa na namba moja, na sisi wa nyuma tulilisaidia kwa kunyamaza. Wacha nieleze pole pole kwa sababu hii kitu itamtokea mtu mwingine na huenda mguu wake usiwe na bahati.

Ilikuwa Jumapili ya Novemba, mvua ilikuwa imepiga usiku kucha upande wa Karen na Lang'ata hapa Nairobi, tukatoka kama saa moja na nusu asubuhi tukaingia Msitu wa Ngong Road, ule uliokatwa na barabara ya Southern Bypass, sisi tulikuwa upande unaopakana na uwanja wa mbio za farasi. Kama hujawahi kuingia huko na farasi, usifikirie barabara. Ni njia nyembamba, mahali pengi farasi wawili hawawezi kukaa sambamba, huku vichaka vya lantana vimefunga huku kuna mti, na ule udongo mwekundu ukinyeshewa unateleza kama sabuni. Kwa hivyo mnaenda mmoja nyuma ya mwingine mpende msipende.

Mstari ulikuwa hivi. Mbele kabisa mzee mmoja wa miaka sitini na kitu, mpandaji hodari, mimi mwenyewe nimejifunza mengi kwake, na farasi wake ni dume mkubwa aliyehasiwa, alikimbia mashindano kabla ya kustaafu. Hii ni kitu ya kwetu Nairobi, farasi wengi tunaowapanda walianzia kwa racecourse, na farasi aliyefundishwa mbio akisikia kwato zinakuja kwa kasi nyuma yake anajua jibu moja tu. Namba mbili na tatu ni bwana na bibi yake, watulivu, wanapiga stori zao. Namba nne ni mama mmoja na yule farasi jike wa kijivu, amefungwa utepe mwekundu mkiani. Namba tano msichana wa miaka 16 juu ya farasi mdogo wa Kisomali, hiyo ilikuwa mara yake ya tatu kutoka nje ya uwanja wa mafunzo. Namba sita saisi wetu, yule anayetutunzia farasi. Halafu mimi.

Shida ilianza kwa mtaro. Siku za kawaida ni kamtaro tu farasi anakavuka bila hata kukatazama, lakini siku hiyo ulikuwa umejaa maji ya rangi ya chai ya maziwa na kuna gogo lilikuwa limesukumwa hapo na mvua. Farasi hapendi maji ambayo haoni chini yake. Mzee akavuka vizuri, bwana akavuka, bibi akavuka baada ya kubembeleza kidogo. Na mzee huko mbele hakusimama. Hakukimbia, hapana, aliendelea na mwendo wake wa kawaida tu, mgongo wake umetuelekea, na wale wawili wakamfuata, wakapinda kona wakapotea kwa lantana.

Yule jike wa kijivu akagoma mara ya kwanza, mara ya pili akaruka, akaruka juu sana kama anaruka ukuta, na kwa ile ruka mama akapoteza stirapu, kile chuma cha kukanyagia, ya mguu wa kulia. Akafanya kile mtu yeyote angefanya, alisimama atafute stirapu. Lakini alisimama palepale kwenye ukingo, mkia wa farasi wake unatazama mtaro. Farasi mdogo wa msichana akaona wenzake watatu wameshapotea na wa nne amevuka, akaona anaachwa, hakungoja kuambiwa. Akaruka. Akatua, na kichwa chake kiliingia karibu kabisa na mkia wa yule jike, mimi naona kama nusu mita hivi.

Nakumbuka masikio kwanza. Jike alilaza masikio yote mawili nyuma mpaka yakashikana na shingo, mkia ukapiga mara moja, halafu miguu yote miwili ya nyuma ikaenda. Kwato moja ilimpata farasi mdogo kifuani, ya pili ikampata msichana kwenye mfupa wa mguu chini ya goti. Sauti ya ile ya pili nitaikumbuka. Ilikuwa kama mtu amevunja ubao mkavu.

Kilichofuata kilienda kama sekunde ishirini. Farasi mdogo akazunguka kurudi mtaroni, msichana akashika manyoya ya shingo hakuanguka, jike naye akaruka mbele kwenda kutafuta wenzake huku mama ana stirapu moja tu, akapiga shoti mpaka kona, farasi wa bibi akashtuka akamsukuma wa bwana, na yule wa mzee kusikia kwato zinakuja akajua ni mashindano, akaondoka. Mzee alimpata kwa kumvuta hatamu upande mmoja akamzungusha duara dogo mpaka akasimama, na hapo ndipo uzoefu ulionekana, kwa sababu kumvuta farasi aliyekasirika kwa hatamu zote mbili ni kumpa kitu cha kuegemea akimbie zaidi. Saisi kwa upande wetu hakumfukuza mtu. Alishuka, akanipa mimi hatamu ya farasi wake, akavuka mtaro kwa miguu maji mpaka magotini, akashika farasi mdogo, akaanza kumwongelesha kwa sauti ya chini. Kama angevuka akiwa juu ya farasi angetuongezea farasi mwingine kwa ule ukingo mdogo.

Tulipomfikia msichana tukakata suruali yake. Alama ilikuwa pale wazi, nusu mwezi ya chuma cha kwato, ngozi imepasuka upande mmoja na mguu umeanza kuvimba. Hospitali walipiga eksirei, mfupa haukuvunjika, akashonwa akapewa magongo. Farasi mdogo alikaa na uvimbe wa kifua kama ukubwa wa embe, daktari wa mifugo akasema apumzishwe. Bili tulichanga wote, hakuna aliyekataa, na hiyo naisema kwa sababu ni sifa ya kikundi. Ubishi ulikuwa juu ya nani alikosea.

Sasa tuanze na jike kwa sababu yeye ndiye alihukumiwa wa kwanza. Farasi ana macho upande wa kichwa, anaona karibu kila mahali kumzunguka isipokuwa sehemu mbili, kidogo mbele ya paji la uso na nyuma kabisa ya mkia. Kwa hivyo ametoka kuruka maji anayoyaogopa, wenzake wamepotea, mtu juu yake anahangaika kutafuta stirapu, na ghafla kitu kizito kinaruka kutua mahali pale pale asipoona. Akapiga. Mnyama ambaye babu zake walikuwa wanarukiwa na simba kutoka nyuma angefanya nini kingine? Sisemi ni sawa kuwa na farasi mpiga mateke kwa kikundi, nasema pale hakuonyesha roho mbaya, alionyesha kuogopa. Na alitoa onyo, masikio na mkia, ila onyo lake lilikuja wakati hakuna mtu angeweza kulitumia.

Halafu utepe. Wale wamepanda muda mrefu wanajua utepe mwekundu mkiani maana yake kaa mbali huyu hupiga, na ule wa kijani ni wa farasi mchanga au asiye na uzoefu. Mama aliufunga vizuri, alifanya wajibu wake, na watu wakasema basi msichana alionywa. Nilienda kumwona nyumbani kwao nikamuuliza, wewe uliona ule utepe? Akaniambia, "Niliuona auntie, nilidhani ni urembo, kama ribboni za gari la harusi." Sikuwa na la kusema. Kwa sababu asubuhi ile hatukupewa yale maelezo ya dakika tano kabla ya kuondoka, tulichelewa, mvua ilitishia kurudi, kila mtu akasema si wote tunajua. Alama ambayo anayehitaji kuielewa haielewi haijamwonya mtu.

Na pia kuna swali la mahali. Farasi mwenye utepe mwekundu alikuwa anafanya nini namba nne, katikati? Mahali pake ni nyuma, asiwe na mtu nyuma yake wa kumpata. Kumweka katikati na mgeni nyuma yake ni kosa letu sisi wote tuliopanga mstari, na hakuna aliyepanga kwa kweli, tulitoka tu venye kila mtu alimaliza kutandika. Hiyo ndiyo kitu ya kwanza ningebadilisha.

Msichana je? Kuna kipimo tunafundishwa wote: angalia katikati ya masikio ya farasi wako, ukiona kwato za nyuma za farasi aliye mbele uko sawa, ukiona mkia peke yake umemkalia bampa. Teke la farasi mkubwa linaweza kufika kama mita mbili, na mwili wa farasi mmoja ni kama mita mbili na nusu, ndiyo maana tunasema acha angalau nafasi ya farasi mzima, na kama njia ni ya utelezi acha ya wawili. Msichana alikuwa anafanya hivyo njia yote, mimi ni shahidi, nilikuwa nyuma yake, saisi tu katikati yetu. Alipoteza nafasi wakati farasi aliamua peke yake. Mpandaji mzoefu angemzuia, angemgeuza kichwa kabla ya kuruka. Yeye hakuweza na hakuna aliyetarajia aweze siku ya tatu.

Ndio tunafika kwa mzee, na hapa naandika kwa heshima zote.

Chukua hesabu. Farasi anatembea kama kilomita 6 kwa saa, hiyo ni kama mita 1.7 kila sekunde. Sema kila farasi anachukua sekunde 15 kuvuka pale. Kama wa kwanza hasimami, wakati wa nne anavuka yeye ameshafika mita 75 mbele. Wakati wa saba anavuka, yuko mita 150. Mita 150 msituni na kona ni kutoonana kabisa. Na kuzifunga hizo mita 150 kwa troti, yaani mbio za pole, ambayo ni kama kilomita 13 kwa saa, huku wa mbele anaendelea kutembea, inachukua zaidi ya dakika moja nzima ya troti kwa udongo wa sabuni. Kwa hivyo yeye mbele anahisi anaenda pole pole kabisa, "mimi nilikuwa natembea tu," na ni kweli alikuwa anatembea, lakini mtu wa mwisho anakimbia. Ni kama magari kwa bumps: la kwanza linapita bumps linaongeza moto, la kumi bado liko kwa bumps, na kila moja likitoka linakimbia kufunga pengo halafu linashika breki nyuma ya lingine. Ajali hutokea huko nyuma na wa mbele ameshafika Rongai.

Na farasi hajui hesabu, anajua kuachwa. Ni mnyama wa kundi, akiona kundi linaenda bila yeye ile hofu inashinda mafunzo, inashinda hatamu, inamshinda mtoto wa miaka 16 aliye juu yake. Kama mzee angevuka, akaenda mbele hatua za kutosha farasi saba kupanga na nafasi zao, hapo nahesabu kama mita 35 au 40, halafu akasimama akageuza farasi wake atutazame, ningekuwa naandika mambo mengine leo. Jike angeona wenzake wamesimama, mama angetafuta stirapu bila presha na angekuwa na mahali pa kusonga kabla ya kusimama, farasi mdogo angengoja zamu. Teke limetoka kwenye lile pengo.

Mama naye ana sehemu yake ndogo. Ukitaka kusimama, kwanza songa utoke kwa mlango wa wengine, halafu geuza farasi kichwa kiwatazame wanaokuja na mkia uende kichakani, na sema kwa sauti "nasimama." Alikuwa amepoteza stirapu, alikuwa anaogopa, namwelewa. Lakini hata sauti tu ingesaidia.

Na sauti ndiyo imenifanya niandike hii yote. Kwa sababu tulioweza kuona shida kabla haijatokea tulikuwa wawili, saisi na mimi. Tuliona mzee anapotea kwa kona. Tuliona farasi mdogo anaanza kucheza miguu. Tulikuwa na kama nusu dakika ya kupaza sauti "ngoja!" na hatukupaza. Nilimuuliza saisi baadaye tukiwa tunakunywa chai kwa zizi, akaangalia kikombe akasema, "Nilitaka kuita. Lakini nikajiuliza, nitamwita mzee vipi kwa sauti kama naita ng'ombe?" Ameshughulika na farasi miaka zaidi ya yule mzee, anawajua wale farasi mmoja mmoja anajua yupi hapendi maji na yupi hapendi mwenzake, na siku hiyo ujuzi wake wote ulikaa mdomoni kwa sababu mzee ni mteja na yeye ni mfanyakazi. Msichana alikuwa vile vile, aliniambia alitaka kusema "uncle tungojee" lakini aliona atakuwa anawachelewesha wakubwa. Na mimi? Mimi sina hata hicho kisingizio, nilidhani mtu mwingine ataita.

Tumelelewa kwamba mdogo hampigii mkubwa kelele na mimi naipenda hiyo adabu, sitaki iondoke kwa watoto wangu. Lakini juu ya farasi lazima kuwe na neno moja ambalo halina mkubwa wala mdogo. Sisi tumechagua "simama." Yeyote akilisema, hata mgeni wa siku ya kwanza, wa mbele anasimama na wote wanasimama, maswali baadaye. Linapitishwa mdomo kwa mdomo kwenda mbele kwa sababu wa mbele hasikii wa nyuma msituni, na aliye mbele anainua mkono juu ili anayemwona nyuma naye ainue. Mtu wa mwisho ana neno lake pia, "nimevuka," na mpaka alisikie wa kwanza haondoki. Mwendo unapangwa na mpandaji dhaifu, na kama mzee anataka shoti kidogo tunamwachia mwishoni na wale wanaoweza, wengine wanashikilia farasi zao mahali pa wazi wakitazamana, wasiachwe ghafla.

Mzee alipoambiwa haya yote sikujua atachukuliaje. Alinyamaza sana. Halafu akasema, "Mimi nilikuwa naangalia mbele, sikujua nyuma kuna watu wanapotea." Jioni hiyo akaenda kumwona msichana na ndizi na maembe, akakaa naye saa nzima, na nasikia alimwomba msamaha kwa maneno kabisa, kitu ambacho wanaume wa rika lake hawapendi kumfanyia mtoto.

Jumapili iliyopita tumerudi pale pale. Msichana alikuja kwa gari kutuona tu, bado anachechemea. Utepe mwekundu ulikuwa mwisho kabisa, mimi mbele yake na nafasi ya farasi wawili katikati. Mtaro bado una maji. Mzee akavuka, akaenda mpaka kwa ule mkaratusi mkubwa, akageuza farasi wake atutazame, na yule farasi hakutaka kabisa, alikuwa anachimba udongo na kwato ya mbele anataka kwenda. Wakavuka watatu, wanne. Mzee akalegeza hatamu kidogo, nadhani alifikiri tumeisha. Saisi alikuwa bado upande wetu wa mtaro, akasimama kwa stirapu zake akaweka mkono mdomoni akaita kwa sauti ambayo nina hakika ilisikika mpaka Bypass:

"Mzee, simama! Bado wawili!"

Mzee akainua mkono.